Anayejikwaa na Anayesimulia: Ucheshi katika Riwaya za Mapenzi

Tuseme yupo mwanamke anayeishi katika jengo la ghorofa, na jirani yake wa juu ana mazoea ya kuimba bafuni kila asubuhi. Siku moja anamrekodia dada yake ujumbe wa sauti, akimweleza kwa kirefu kwamba sauti ya mwanamume yule ni ya kumwamsha mtu akiwa anatabasamu, ila kwa bahati mbaya mwenyewe hajui wimbo hata mmoja hadi mwisho, na kwamba yeye angekuwa na ujasiri kidogo tu angepanda ngazi akamfundishe ubeti wa pili. Anautuma. Muda si mrefu anagundua kwamba haukwenda kwa dada yake, bali umekwenda kwenye kundi sogozi la wapangaji wote wa jengo hilo, mwimbaji akiwa mmoja wao.

Kisa hiki kinaweza kuandikwa kwa njia nyingi, lakini tuzitazame mbili. Mwandishi wa kwanza anasema: "Alipogundua kosa lake aliona aibu kubwa, akajifungia ndani siku nzima." Mwandishi wa pili anampa kalamu mwanamke mwenyewe: "Nilikaa nikiitazama simu kama mtu anayesubiri maji yaliyomwagika yajizoe yenyewe. Watu kumi na wawili walikuwa wameshausikiliza. Kwa hiyo angalau nilijua sasa ni akina nani katika jengo letu huamka mapema. Wa kumi na tatu alikuwa yeye. Huko juu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie, bafu lilikuwa kimya."

Tukio ni lile lile na aibu ni ile ile, lakini hisia za msomaji zimebadilika kabisa. Mwanamke wa kwanza tunamhurumia, na huenda tukamsahau kabla ya kufunga ukurasa, ilhali wa pili tunataka kukaa naye, tujue atakutana vipi na jirani huyo kwenye ngazi. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba aina nzima ya riwaya pendwa inayosomwa na mamilioni ya watu duniani, yaani riwaya ya mapenzi ya kuchekesha ambayo mhusika wake mkuu wa kike ni mtu wa kawaida: anachelewa kazini, hesabu zake za fedha hazikai sawa, mama yake anamuuliza kila juma kama amempata mtu, na kila anapojiandaa kuonekana mwenye busara jambo fulani humharibikia mbele za watu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi kuhusu mvuto wa riwaya hizi ni mafupi: msomaji anampenda mhusika kwa sababu anafanana naye. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayafiki mbali. Wanaofanana nasi ni wengi, na wanaojikwaa ni wengi zaidi, ila si kila mmoja wao tungependa kumsikiliza kwa kurasa mia nne. Aidha, kufanana pekee hakuelezi kwa nini mhusika mmoja anayemwaga chai kwenye nyaraka za mkutano anatuchekesha hadi machozi, na mwingine anayefanya vivyo hivyo anatuchosha tangu sura ya kwanza. Lazima kuwe na kitu kingine, na fununu yake inapatikana mahali pasipohusiana na fasihi hata kidogo.

Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Elliot Aronson, pamoja na wenzake wawili, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado linatajwa katika vitabu vya saikolojia. Wanafunzi wa kiume wa chuo kikuu walisikilizishwa kanda za mtu anayejibu maswali magumu ya chemsha bongo. Katika baadhi ya kanda mtu huyo alijibu sawasawa asilimia 92 ya maswali, na katika nyingine alipata asilimia 30 tu. Kisha, katika nusu ya kanda za kila kundi, ilisikika mwishoni sauti ya vyombo na ya mtu huyo akilalamika kwamba amejimwagia kahawa kwenye suti yake mpya. Wasikilizaji walipoulizwa walivyompenda kila mmoja, yule hodari aliyejimwagia kahawa alipendwa kuliko hodari ambaye hakumwaga kitu. Lakini yule dhaifu alipojimwagia kahawa, alipendwa kidogo zaidi ya vile alivyopendwa awali? Hapana, alipoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Somo la jaribio hilo kwa mwandishi wa riwaya ni kali kuliko linavyoonekana. Kosa humwongezea mvuto mtu ambaye tayari tumemwona na uwezo, na humpunguzia asiye nao. Ikiwa ndivyo, uwezo wa mhusika wetu uko wapi? Kazini anasahauliwa kila vyeo vinapogawanywa, jikoni anaunguza hata maji, na katika mapenzi huchagua watu ambao hata paka wake anawakwepa. Kwa vipimo vyote vya nje, yeye ndiye yule wa asilimia 30.

Uwezo wake umo katika sentensi. Mwanamke anayeitazama simu na kusema kwamba anasubiri maji yaliyomwagika yajizoe yenyewe ana akili ya haraka, ana jicho, na ana ujasiri wa kujitazama bila kujidanganya. Ndani ya mhusika mmoja kuna watu wawili, anayejikwaa na anayesimulia kujikwaa huko. Wa kwanza anafanana nasi tulivyo. Wa pili anafanana na vile tungetamani tuwe saa ile ambayo aibu inatuwasha masikio na hatupati neno la kusema. Msomaji anaposema "huyu ni mimi kabisa", humsifu wa kwanza, lakini aliyemfanya asiweke kitabu chini ni wa pili.

Kisa chenyewe cha mapenzi na vichekesho ni cha kale sana. Huko Athene, mwaka 316 kabla ya Kristo, Menander alishinda mashindano ya tamthilia kwa futuhi kuhusu kijana aliyempenda binti wa mzee mkorofi asiyetaka kuonana na mtu, na vizuizi vikaondoka kimoja baada ya kingine hadi harusi ikafungwa. Waandishi wa Roma waliirithi ramani hiyo, na wa Ulaya wakairithi kwao. Lakini katika futuhi za namna ile binti anayegombewa mara nyingi hana mengi ya kusema, na wakati mwingine hata haonekani jukwaani. Yeye ndiye zawadi inayotolewa mwishoni. Kwa hiyo badiliko kubwa lililozaa riwaya tunazozizungumzia halikuwa katika msuko. Lilitokea pale binti alipopewa nafasi ya kusimulia.

Mfano mmoja wa mapema na ulio wazi ni riwaya ya Frances Burney, Evelina, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1778 bila jina la mwandishi. Imeandikwa kwa barua, na nyingi kati yake zinatoka kwa msichana wa miaka kumi na saba aliyelelewa mashambani, ambaye anafika London bila kujua kanuni za watu wa mjini. Katika dansi yake ya kwanza anamkataa mwanamume mmoja mwenye majivuno, tena anashindwa kuzuia kicheko mbele yake, kisha anakubali kucheza na mwingine anayempendeza. Hajui kwamba kwa desturi ya wakati ule, mwanamke aliyemkataa mmoja hakuruhusiwa kucheza na mwingine jioni ile. Aibu inayomfuata ni kubwa, lakini msomaji anaipata kupitia barua yake mwenyewe, pamoja na maoni yake kuhusu watu waliomhukumu, na maoni hayo yana makali. Msichana asiyejua kanuni ndiye anayetuonyesha jinsi kanuni zenyewe zilivyo za ajabu.

Mwandishi wa Uingereza Jane Austen, aliyeisoma vizuri kazi ya Burney, alilipeleka jambo hili mbele kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuchokoza. Riwaya yake iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1817, baada ya kifo chake, inaanza kwa kumtangaza mhusika mkuu ambaye hakuna aliyemwona utotoni angedhani amezaliwa kuwa mhusika mkuu wa kitabu chochote, kwa kuwa hakuwa mrembo wa kupindukia, hakuwa na kipaji, wala hakuwa na msiba wa kuvutia nyumbani kwao. Njia ya pili ilikuwa ya ufundi, na ndiyo iliyodumu. Austen aliandika katika nafsi ya tatu, lakini aliiacha sauti ya msimulizi iteleze na kuingia katika mawazo ya mhusika bila alama za kunukuu na bila kusema "alidhani kwamba". Msomaji anajikuta akiwaza pamoja na Emma, mhusika mkuu wa riwaya yake nyingine, mpatanishi wa ndoa za watu asiyeuona moyo wake mwenyewe, na papo hapo akimcheka kwa kuwaza hivyo. Kuwa ndani ya kichwa cha mtu na juu ya bega lake kwa wakati mmoja ni kazi ngumu, na waandishi wa leo wanaotumia nafsi ya kwanza wanaifanya kwa vifaa vingine tu.

Hayo hayakuwa na maana kwamba mhusika mkamilifu ametoweka. Mwaka 1856 George Eliot, mwandishi wa kike wa Uingereza aliyetumia jina la kiume, alichapisha makala yenye kejeli kali kuhusu riwaya za wanawake za wakati wake, akiorodhesha sifa za wahusika wake wakuu: mrithi wa mali, mwenye macho na akili zinazong'aa, mwimbaji, msomi wa lugha, mcha Mungu, na anayependwa na kila mwanamume anayeingia sebuleni. Kwa maneno mengine, mtu wa asilimia 92 asiyewahi kumwaga kahawa. Inafaa kukumbuka kwamba lawama hiyo ilitoka kwa mwanamke aliyewatakia wanawake wenzake uandishi bora zaidi, kwa sababu lawama nyingine za karne ile zilikuwa na nia tofauti.

Karne ya ishirini ilileta shajara, na hapo ndipo aina hii ilipopata umbo lake la sasa. Mwaka 1995 Helen Fielding alianza kuandika safu katika gazeti la The Independent la Uingereza kwa sauti ya mwanamke wa kubuni anayeishi peke yake London, na mwaka uliofuata safu hiyo ikawa riwaya, Bridget Jones's Diary. Kila siku katika shajara hiyo huanza na hesabu ya uzito, pombe na sigara, kama ripoti ya mhasibu anayejua kwamba mizani haitakaa sawa. Msuko wake Fielding aliuchukua waziwazi kutoka riwaya ya Austen ya mwaka 1813, Pride and Prejudice, na hata jina la ukoo la mwanamume mwenye kiburi, Darcy, hakulibadili.

Shajara ina faida moja ambayo barua na masimulizi ya kawaida hayana kwa kiwango hicho. Anayeiandika hajui kesho itakuwaje, lakini msomaji anajua, maana amenunua kitabu cha mapenzi na anafahamu vinavyoisha. Mhusika anapoandika kwa uhakika kwamba mwanamume fulani hana haja naye, msomaji ameshaona kwamba mwanamume huyo ameuliza maswali mawili kumhusu katika mazungumzo ya dakika tano. Hicho ndicho kinaya kinachoendesha kitabu kizima. Mwenye akili kali kuliko wote chumbani, anayeona kila kasoro ya kila mtu ikiwamo ya kwake, haoni jambo moja tu, kwamba anapendwa.

Hapa tunafika kwenye fundo lenyewe, nalo ni kwamba kicheko na mapenzi havielewani kirahisi. Mwanafalsafa wa Ufaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, alisema kwamba ili tucheke lazima moyo uwe kama umetiwa ganzi kwa muda. Anayemhurumia aliyeteleza hawezi kumcheka, naye anayecheka ameiweka huruma kando. Ikiwa Bergson yuko sahihi, riwaya ya mapenzi ya kuchekesha inajaribu jambo lisilowezekana, kwa kuwa mapenzi yanadai moyo ulio macho na kicheko kinadai moyo uliolala. Na kweli, vitabu vingi vya aina hii hushindwa papo hapo. Vinachekesha hadi sura ya kumi, kisha vinaanza kulia, na kicheko hakirudi tena.

Kinachoviokoa vile vinavyofaulu ni yule mtu wa pili, msimulizi. Mwanafalsafa wa Uingereza Thomas Hobbes anakumbukwa kwa kusema kwamba kicheko ni fahari ya ghafla tunayoipata tunapojiona bora kuliko mwenye udhaifu, na kwa sababu hiyo nadharia yake hudhaniwa kuwa ya watu wenye roho mbaya. Lakini katika maandishi yake yaliyochapishwa mwaka 1650 aliongeza kipande ambacho wengi hukiacha: udhaifu huo unaweza kuwa wa mtu mwingine, au wetu wenyewe wa zamani. Anayesimulia jinsi alivyotuma ujumbe kwenye kundi lisilo lake anamcheka mtu aliyekuwa yeye dakika ishirini zilizopita. Ganzi anayoizungumzia Bergson amejitia mwenyewe, kwa hiari yake, na haki ya kucheka ni yake kwa sababu maumivu yalikuwa yake. Sisi wasomaji tunacheka kwa ruhusa yake, na moyo wetu haulazimiki kumwacha.

Kiswahili kina bahati ya kuligawa jambo hili vizuri kwa viambishi tu. Kumcheka mtu ni kumdhihaki. Kumchekea ni kumwonyesha uso wa furaha. Kumchekesha ni kumfanya yeye acheke, na kucheka naye ni kuwa pamoja naye ndani ya kicheko kimoja. Riwaya ya mapenzi ya kuchekesha iliyosukwa vizuri ni safari kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Mwanzoni ulimwengu unamcheka mhusika, au ndivyo anavyoamini. Anajikinga kwa kuwachekesha watu, akiwahi kusema lililo baya kumhusu kabla wao hawajalisema. Kisha anatokea mtu ambaye hachekeshwi na kinga hiyo, bali anachekeshwa na akili iliyo nyuma yake, na ambaye siku moja, mara nyingi katika hali ya fujo isiyo na mahaba yoyote, anacheka naye. Kwa msomaji mzoefu, ukurasa huo una uzito kuliko busu la kwanza.

Utafiti wa saikolojia unaongeza jambo la kuvutia hapa. Mwaka 2006 Eric Bressler na wenzake walichapisha utafiti uliowauliza wanawake na wanaume thamani wanayoipa hulka ya ucheshi kwa mwenza. Wanawake walithamini mwenza anayewachekesha na pia anayechekeshwa nao. Wanaume walielekea zaidi kumthamini mwanamke anayecheka wao wanapotoa mzaha, kuliko mwanamke anayetoa mzaha mwenyewe. Matokeo hayo ni ya kundi fulani la vijana wa chuo na hayawezi kusemwa kuwa ni sheria ya binadamu wote, lakini yanaeleza kwa nini mwanamume wa riwaya hizi ni ndoto, tena ndoto ya kiasi sana. Sifa yake kuu si mali wala mabega. Ni kwamba maneno ya mwanamke yanamchekesha kwa dhati, naye haoni kwamba amepunguziwa kitu. Shakespeare alilijua hilo alipomwandika Beatrice mwishoni mwa karne ya 16, mwanamke ambaye hakuna mwanamume anayefaa kumwoa isipokuwa yule mmoja anayeweza kustahimili ulimi wake na kuujibu.

Riwaya hizi hulaumiwa pia kwamba zinatabirika. Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani kimekuwa kikiitambua riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili, yaani kwamba kisa cha mapenzi ndicho kiini, na kwamba mwisho wake unaridhisha na una matumaini. Mwisho umetangazwa kabla ya mwanzo. Katika riwaya ya upelelezi hilo lingekuwa janga, lakini katika ucheshi ni sharti la kazi. Mwaka 2010 watafiti Peter McGraw na Caleb Warren walipendekeza kwamba jambo huchekesha pale linapovunja utaratibu tunaoutarajia na papo hapo tukaliona halina madhara. Likivunja utaratibu na likawa na madhara, linatisha au linaudhi, na lisipovunja chochote, halichekeshi. Mwisho mwema uliohakikishwa ndio unaoondoa madhara. Ujumbe uliokwenda kwenye kundi la wapangaji ungeweza kuwa mwanzo wa tanzia, na kuna jamii na nyakati ambazo ungekuwa hivyo kweli. Ahadi iliyo kwenye jalada inampa msomaji nafasi ya kucheka kosa ambalo katika maisha lingemnyima usingizi, na kwa ahadi hiyo mwandishi naye anapata uhuru wa kumsukuma mhusika hadi ukingoni kabisa mwa fedheha. Taharuki haijatoweka. Imehama tu kutoka kwenye swali la kama watapatana, na sasa iko kwenye swali la jinsi gani duniani watapatana baada ya hili.

Fedheha yenyewe inahitaji kuangaliwa kidogo, kwa kuwa ndiyo mali ghafi ya vitabu hivi. Thomas Gilovich na wenzake walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2000, ambapo mwanafunzi alivalishwa fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, vazi lililoonekana la aibu kwa vijana wa chuo hicho, kisha akaingizwa katika chumba chenye wenzake. Aliyeivaa alikadiria kwamba karibu nusu ya waliokuwamo wangeitambua picha. Walioitambua kweli hawakufika robo. Katika maisha, basi, macho tunayodhani yanatutazama ni machache kuliko tunavyohofia. Riwaya ya mapenzi ya kuchekesha inafanya kinyume cha makusudi: inaifanya hofu yetu iwe kweli. Katika riwaya, chumba kizima kimeiona fulana, jengo zima limesikiliza ujumbe, na bosi alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Kisha inatuonyesha kesho yake, mhusika akipiga mswaki kama kawaida. Nadhani faraja ya vitabu hivi inatoka zaidi kwenye mswaki huo kuliko kwenye harusi.

Msomi Janice Radway, aliyewahoji wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja wa Marekani kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 1984, aliwakuta wakieleza usomaji wao kama saa ambayo ni yao wenyewe, iliyokatwa kutoka kwenye siku wanayoitumia kuwahudumia wengine. Riwaya alizozichunguza hazikuwa za kuchekesha, lakini hoja inahama nazo bila shida. Msomaji aliyechoka anakaa na mtu mwingine aliyechoka, ambaye amegeuza uchovu wake kuwa hadithi.

Dharau dhidi ya aina hii ina historia ndefu. Mwaka 1855 mwandishi wa Marekani Nathaniel Hawthorne alimwandikia mchapishaji wake barua akilalamika kuhusu kundi la wanawake waandishi waliokuwa wakiuza kuliko yeye, na sauti hiyo imerudi mara nyingi tangu hapo, ikiwa na maneno mapya. Sehemu kubwa ya dharau hiyo hainisumbui. Ucheshi unaoonekana mwepesi ni mgumu kuandika, na mtu anayedhani vinginevyo ajaribu kuandika ukurasa mmoja ambao mgeni ataucheka.

Yapo malalamiko mengine yenye haki, na la kwanza ni swali la nani anafanana na nani. Wimbi lililofuata mafanikio ya miaka ya 1990 lilijaa mhusika wa aina moja, mwanamke mweupe wa mji mkubwa, mwenye kazi ya ofisini na matatizo yanayotatulika kwa mshahara wa miezi mitatu, na wachapishaji wakaendelea kumwita mwanamke wa kawaida. Terry McMillan alikuwa amekwishaonyesha mwaka 1992, kwa riwaya yake Waiting to Exhale kuhusu urafiki wa wanawake wanne Wamarekani weusi huko Phoenix, kwamba ucheshi, uchovu na hamu ya kupendwa havina rangi moja, na kitabu hicho kiliuzwa sana. Hata hivyo ilichukua muda mrefu kabla ya soko kukubali kwamba msomaji anaweza kujiona katika mhusika asiyefanana naye kwa sura, ilimradi akili inayosimulia inamgusa.

Malalamiko ya pili ni ya ufundi, na yananihusu zaidi kama msomaji. Kuna kujikwaa kwa kuagizwa. Mhusika anaanguka kwa sababu mwandishi amesikia kwamba wahusika wanaoanguka wanapendwa, na kwa kawaida anaangukia kifua cha mwanamume, jambo ambalo nikiliona kabla ya ukurasa wa ishirini huwa nakirudisha kitabu rafuni. Kuna pia kasoro za mapambo, kama vile mrembo asiyejua kwamba ni mrembo. Hizo si kasoro, bali ni sifa zilizovalishwa nguo za kasoro. Kibaya zaidi ni pale kutojiweza kwa mhusika kunapokuwa ndiyo sababu ya kupendwa, mwanamume anapolipa madeni, anaporekebisha kazi iliyoharibika na kuchukua usukani. Hapo mwandishi ameusahau upande mmoja wa jaribio la kahawa, akabaki na mwagaji asiye na majibu. Kipimo ninachokitumia ni rahisi: ondoa ajali zote katika sura ya kwanza, kisha usome sentensi zilizobaki. Ikiwa bado unataka kumsikiliza anayezungumza, kitabu kina mhusika.

Hili linaeleza pia kwa nini mfuatano wa vitabu hivi una shida ya pekee. Sauti ya msimulizi inaishi katika mwanya kati ya anachotaka mhusika na anachokipata, na mapenzi yaliyofanikiwa yanauziba mwanya huo. Mtu aliyetulia na mwenza anayemwelewa ana machache ya kuandika katika shajara saa saba za usiku. Fielding aliandika kitabu cha pili mwaka 1999 kwa kuwatenganisha wapenzi wake kwa kutoelewana. Aliporudi na cha tatu mwaka 2013, wasomaji wengi walikasirika kugundua kwamba Darcy, mwanamume waliyempenda kwa miaka kumi na saba, alikuwa amekwishafariki, na mjane wake ameketi na watoto wawili, akianza upya kuandika hesabu yake ya uzito.